Kanisa la Nyimbo Tatu

Mtu mwenye akili zake timamu akienda kuchora kanisa, hukaa akilitazama. Baba mkwe yeye alilipa kisogo. Alikalia kigoda pembeni mwa njia ya miguu, uso kwenye mikaratusi, mgongo kwenye kanisa, na mbele yake akasimamisha kioo alichokichomoa chumbani bila kumuaga mwenye kioo, yaani mkewe. Wanakijiji waliokuwa wakitoka shamba na majembe begani walisimama, wakamwangalia, kisha wakaangaliana.

"Huyu mzee kagombana na Mungu?" mmoja akauliza.

Aliyejibu ni mkamwana, mke wa mwanawe, aliyekuwa amemshikia mwavuli jua lisimpige. "Hajagombana na mtu. Picha zake zikichapwa zinageuka, kulia inakuwa kushoto. Ndiyo maana anachora lile la kwenye kioo, likigeuka tena likae sawa."

"Kwa hiyo anakosea makusudi."

"Kama unavyosema."

"Basi huyo fundi kweli," yule mtu akasema, akashika njia yake.

Na fundi alikuwa kweli, hilo halina ubishi. Mkononi hakuwa na kalamu wala brashi. Alikuwa na sindano iliyochomekwa kwenye mpini wa mti, na magotini alikuwa na bamba la shaba lililopakwa nta nyeusi. Sindano ilipopita, nta ilibanduka na shaba ikang'aa chini yake, mstari mwembamba kama unywele. Baadaye bamba lingelazwa kwenye asidi. Penye nta, asidi isingegusa kitu. Penye mstari ingeila shaba, na kadiri inavyokaa ndivyo mstari unavyozama, na ndivyo utakavyobeba wino mwingi na kuchapa mweusi. Kuchora, kwa hiyo, ni nusu ya kazi tu. Nusu nyingine imo ndani ya beseni, na huko hakuna kufuta.

Mkamwana alilitazama kanisa likiota juu ya ile nta, akausahau mwavuli mpaka jua likampata mzee masikioni. Lilikuwa kanisa dogo, kuta za mawe ya mtoni, paa la bati lenye kiraka kipya ambacho hakikuwahi kupatana na wenzake. Kengele ilining'inia nje, kwenye boriti iliyobebwa na nguzo mbili. Nyuma kilima, mbele majani marefu. Mzee hakuacha kitu. Alikichora kiraka. Alichora njia inavyojipinda kukwepa jiwe ambalo mtu yeyote mwenye nyundo angeliondoa zamani. Alichora mlango ulioachwa wazi na giza la ndani yake, mistari juu ya mistari, mpaka ukaona kwamba humo ndani kuna ubaridi. Mkamwana alikulia mjini, kwenye vyumba vya kuta zilizopakwa rangi moja, na hakujua kuwa ukuta unaweza kupendwa jiwe kwa jiwe.

Alichora hata ufa, na ufa ndio uliowaleta hapo. Ulianzia kwenye msingi ukapanda mpaka kwenye bati, na mkono wa mtu mzima ulikuwa unapenya. Kamati ya kanisa ilikata kauli: linabomolewa, linajengwa jipya, na fundi atuchoree la zamani tulitundike karibu na mlango. Picha za simu zilikuwepo tele, lakini kila moja ilikuwa na mtu kasimama mbele akitabasamu, kanisa likimchungulia begani. Ukizikusanya zote hupati kanisa, unapata maharusi.

Wiki ileile mzee alipomaliza, bati liliteremshwa na mawe yakaporomoshwa. Tangu siku hiyo kanisa lile halikuwa na mahali pengine pa kukaa duniani ila kwenye kipande kile cha shaba, na kipande chenyewe kilikuwa hakijaonja asidi. Likiharibika kwenye beseni, basi tena.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mzee hakulisema kwa kamati. Kanisa hilo alishawahi kwenda kulichora akiwa kijana, na hakulimaliza. Alikuwa amefika kwenye madirisha, kwaya ikaanza mazoezi ndani, na sauti moja ikatoka nje ikamshika sindano. Alikwenda kuchora kanisa akarudi na mchumba. Watu wanaosema kazi na mapenzi havichanganyiki hawajamwona mzee huyu.

Mchumba huyo sasa ndiye mama mkwe, na ndiye saa ya nyumba. Hapa si kutia chumvi. Katika chumba cha nyuma, penye mashine ya kuchapia yenye gurudumu kubwa kama la mkokoteni, hakukuwa na saa ya ukutani wala ya mezani. Ya kwanza iliharibika wakiwa maharusi. Siku hiyo mzee alilaza bamba kwenye asidi, mkewe akaimba akimenya viazi mlango wa pili, na alipomaliza wimbo mzee akalitoa bamba, akakuta mbingu imeiva vilevile alivyotaka. Hakununua saa nyingine. Akampandisha cheo mkewe kutoka kwenye viazi hadi kwenye kiti cha dirishani.

Nyimbo zilikuwa tatu, zote za kwaya yake ya usichana. Mfupi ulikuwa wa mbingu na vilima vya mbali. Ukiisha, mzee anatoa bamba, analiosha, anaipaka mbingu vanishi ili asidi isiiguse tena, halafu anarudisha bamba kwa wimbo wa pili, wa kuta na miti na majani. Navyo vikiiva vinapakwa vanishi, na kinachobaki ni giza tupu. Giza lilikuwa na wimbo wake mrefu, wenye beti nyingi na kiitikio kinachorudi kila ukidhani umeisha. Wageni walipozisifia picha wakisema mbingu zake zina hewa, mzee alijibu, "Hewa hiyo si yangu. Ni ya mapafu ya mama watoto."

Na kwa miaka yote hiyo hakuwahi hata siku moja kunyanyua bamba kabla mkewe hajamaliza. Jirani alipopiga hodi katikati ya ubeti, mama alimjibu kwa kuimba kwamba asubiri, na jirani akasubiri, na bamba likasubiri.

Mkamwana aliolewa katika nyumba hiyo, mumewe akarudi barabarani na lori lake, naye akabaki na wazee. Siku moja akajitolea kusukuma gurudumu la mashine, na hakuliacha tena. Alijifunza kupaka wino na kuufuta kwa kiganja. Kuimba hakujaribu. Sauti yake aliijua mwenyewe, na mumewe, mtu mpole asiyetaka ugomvi, alishamwomba kwa heshima zote asiimbe akiwa anaoga. Lakini macho alikuwa nayo, na macho hayo yakaona jambo.

Asidi, ambayo humo ndani iliitwa dawa tu, huchanganywa na maji. Chupa ilikuwa na maelezo yake ubavuni, na mzee hakuyafuata. Alitia maji, akatia maji tena. Picha mbili za mwisho zilitoka zimepauka kidogo, miti yake kama imeamka na homa. Mkamwana akaunganisha mambo: baba siku hizi anasogeza gazeti mpaka linamgusa pua, juzi katia chumvi kwenye chai akainywa yote kwa ukaidi. Basi haoni alama za kwenye kipimo, maskini. Na sasa ni zamu ya kanisa. Likitoka limepauka, mlango ule utakuwa kijivu, na watu watatundika ukungu ukutani waseme tulisali humo.

Kumwambia alishindwa. Utaanzaje kumwambia fundi, tena baba mkwe wako, kwamba macho yamekwisha? Asubuhi ya kazi, mzee alipokwenda kunyoa ndevu, mkamwana alipiga moyo konde. Akaimwaga ile dawa aliyoikuta imechanganywa, akatengeneza upya kama chupa inavyoagiza, maji kwanza, dawa baadaye, bila kuzidisha hata tone. Akafuta meza. Akajiona mtoto mwema.

Mama mkwe aliingia amevaa gauni la Jumapili. Hakuna aliyemuuliza sababu. Alikaa kwenye kiti chake dirishani, mabega wazi kwa hewa, akalitazama bamba mikononi mwa mumewe.

"Umeweka na lile jiwe la njiani?"

"Nimeweka."

"Nilijikwaa hapo siku ya ubatizo wangu, mama alinisimulia. Nikiwa nimebebwa! Aliyejikwaa ni yeye, lakini lawama nilipewa mimi. Haya, laza."

Mzee akalaza bamba kwenye beseni, akashika unyoya wa kuku wa kufagilia vipovu. Mama akavuta pumzi, akaanza wimbo mfupi, taratibu, kama alivyokuwa akiuimba siku hizi, kila neno likipewa nafasi ya kukaa na kunyoosha miguu.

Vipovu vikapanda. Havikupanda kimojakimoja kama siku nyingine. Vilichemka kwenye kila mstari, mbingu ikageuka povu, na unyoya haukufua dafu. Harufu ikapanda, kali, ya kutoa machozi. Mzee akainua kichwa.

"Nani kagusa dawa?" alinong'ona.

Mkamwana alisogea. "Mimi, baba. Ulikuwa unazidisha maji. Nikadhani..."

"Nazidisha makusudi." Sauti ilikuwa ndogo mno, macho yake yakiibia dirishani. "Pumzi za mama yako zimepungua. Wimbo umekuwa mrefu. Mwaka hadi mwaka naongeza maji kidogo, dawa imsubiri. Sasa hii haitamsubiri."

Mkamwana akaelewa yote kwa mara moja, na angefurahi sakafu ikimmeza. Kwa mwendo ule, wimbo ungeisha mbingu ikiwa nyeusi kama chini ya sufuria. Njia ilikuwa moja tu: kunyanyua bamba sasa hivi, wimbo ukiwa katikati. Na mama angeona. Angeona kwamba baada ya maisha mazima, mumewe hamsubiri tena, na asingehitaji kuambiwa kwa nini. Mzee alijua hivyo. Vidole vyake vilishika ukingo wa beseni, vikauachia, vikaushika tena. Kanisa lile ndani ya povu, mwanamke yule dirishani, na yeye katikati.

Hakunyanyua.

Mkamwana alifumba macho. Ndipo aliposikia wimbo umebadilika. Mstari wa pili ulitembea. Wa tatu ulikaza mwendo. Wa nne ulikimbia, maneno yakishikana mikono, sauti ikipanda bila kugusa ngazi, na mguu wa mama ukapiga sakafu kama mguu wa msichana wa kwaya anayejua kwamba nje kuna kijana mwenye sindano. Wimbo ukafika mwisho, ukatua. "Toa!" akasema mama, na mzee akatoa.

Waliliosha. Mzee akalisogeza puani, akapitisha ukucha juu ya mistari ya mbingu, akapitisha tena.

"Ni sawa," akasema, kama mtu asiyeamini. "Ni sawasawa kabisa."

"Itakosaje kuwa sawa? Leo dawa imerudi."

"Imerudi kutoka wapi?"

"Ilikokuwa imekwenda. Unadhani mimi sina pua? Nimekaa na harufu hii tangu tunaoana. Ikaanza kufifia, vipovu vikawa vya kuhesabu. Nikasema, mzee wangu macho yamechoka, anamwaga maji hovyo kwenye kipimo, nami sitamwaibisha. Nikawa naimba polepole ili bamba lipate kuiva."

Mzee aliweka bamba mezani.

"Mimi nilitia maji kwa sababu ulikuwa unaimba polepole."

"Mimi niliimba polepole kwa sababu ulitia maji!"

"Nani alianza?"

"Wewe!"

"Mimi? Siku ile ya picha ya daraja, hukupumzika katikati ya ubeti?"

"Nilimeza mdudu! Dirisha si liko wazi?"

Mkamwana hakujua acheke au atoke nje. Alicheka. Akacheka mpaka akakaa chini, na mama naye akashikwa, akapangusa macho kwa pindo la gauni la Jumapili. Mzee peke yake ndiye aliyebaki amesimama, vanishi mkononi.

"Kumbe nyumba nzima," akasema, "mmenizika kipofu nikiwa hai. Hata na huyu wa juzijuzi."

"Ulikunywa chai ya chumvi, baba."

"Niliipenda hivyo."

Ukweli ni kwamba mkamwana, pale sakafuni, aliwahusudu. Alishaona watu wanaopendana kwa zawadi na kwa maneno. Hawa walikuwa wamedanganyana miaka kwa maji na pumzi, kila mmoja akimfichia mwenzake aibu ambayo haikuwepo, na katika kufichiana huko wakachapa picha baada ya picha bila kuharibu hata moja.

Wimbo wa pili ulipita kama maji mtaroni. Kuta zikaiva, majani yakaiva, na jiwe la njiani. Mzee akavipaka vyote vanishi, kwa raha zake. Vikabaki mlango na giza lake.

Mama akaanza wimbo mrefu kwa mwendo uleule wa ujana. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, na wa pili. Katika wa tatu, mkamwana aliona mkono wake umeshika ukingo wa dirisha. Katika wa nne sauti ilikatika, ikarudi nyembamba, ikakatika. Alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Uso wake ulikuwa na haya ambayo mkamwana hakuwahi kuiona kwake. Mdudu hakuwepo safari hii, na wote watatu walijua.

Mzee alisimama na unyoya hewani. Wimbo umesimama, saa hakuna, na dawa inaendelea kula. Angetoa sasa, mlango ungekuwa wa kijivu. Angeacha kwa kubahatisha, kingo za mistari zingeliwa na mlango mzima kuwa shimo.

Sauti iliyofuata ilifanana na bawaba inayodai mafuta. Ilikuwa ya mkamwana. Alikuwa ameudaka ubeti palepale ulipoangukia, na maneno alikuwa nayo yote, kwa sababu miaka mitatu alikuwa akisukuma gurudumu lile huku wimbo ukitokea dirishani na kumwingia mikononi. Mwendo haukumpotea hata kidogo. Sauti ilimpotea mwanzo hadi mwisho. Mama alimgeukia, akashusha pumzi, akaanza kumpigia mapigo kwa kiganja juu ya ukingo wa dirisha, na kila kiitikio kiliporudi aliongeza neno moja, mawili, ya mwisho ya mstari, kadiri alivyojaliwa. Mzee alifagia vipovu, kichwa kimeinama. Ikiwa machozi yalikuwa ya harufu ya dawa, hiyo ni juu yake.

"Toa," akasema mama.

Mchana wakalisafisha bamba nta na vanishi, wakachapa. Mzee alipaka wino, akaufuta kwa kiganja mpaka ukabaki ndani ya mistari tu. Karatasi iliyoloweshwa ikalazwa juu, blanketi juu ya karatasi, na mkamwana akasukuma gurudumu mara hii bila mtu kuimba. Mzee akashika pembe mbili za karatasi, akaibandua.

Kanisa lilikuwa limesimama. Mbingu yake ilikuwa nyepesi, ya asubuhi, ungedhani ukiipuliza itasogea. Kiraka cha bati kiling'aa kwa kiburi chake. Ufa ulipanda ukutani bila kumwonea haya mtu. Na mlango ulikuwa wazi, mweusi kwa weusi wa chumba cha mawe ukitoka juani, weusi ambao ukikaa nao kidogo unaanza kuona mabenchi.

Mama alisogea karibu. Kisha akaweka kidole hewani, mbele ya mlango, bila kugusa.

"Hapa," akasema. "Nusu ya giza hili. Hapa ndipo nilipokatika."

Mzee akachukua karatasi, akaisogeza mpaka ikamgusa pua. Akaiangalia upande huu, akaiangalia upande ule, akachunguza mlango mstari kwa mstari, bila kupepesa.

"Sioni," akasema.

"Huoni kwa sababu ya hayo macho yako."

"Naona vizuri sana, mke wangu. Hakuna palipokatika."

Akamkabidhi mkamwana karatasi akaitundike ikauke, halafu akamwomba, kwa unyenyekevu ambao hakuwahi kuuonyesha kwa kamati wala kwa mteja yeyote, kwamba kesho asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote, akae dirishani karibu na mama yake afundishwe ule wimbo mfupi, wa mbingu.